Ile klipu yangu ya Taita haikuwa msitu

Wacha nianze na aibu yangu, tukimalizana na hiyo ndio tuongee vizuri.

Mwaka jana nilipanda matatu pale Voi, tukapita Mwatate, tukakwea zile kona mpaka Wundanyi. Nilikuwa na simu, bando ya wiki moja na njaa ya kontenti. Asubuhi ya pili nikasimama kando ya barabara. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na mbele yangu mlima mzima wa kijani, miti mirefu imesimama wima kama wanafunzi wa paredi ya Ijumaa. Nikarekodi sekunde ishirini, nikaweka muziki wa filimbi, nikaandika: "Msitu wa kale wa Taita. Mamilioni ya miaka."

Kwa viwango vyangu mimi, ile klipu ililipuka. Watu wakamwaga mioyo. Wengine wakaandika "Kenya ni nzuri jamani". Msee mmoja akauliza kama kuna Airbnb.

Halafu usiku mama mmoja wa huko akaniandikia pembeni, bila matusi, bila hata alama ya mshangao: "Mwanangu, hiyo umepiga ni misonobari. Ilipandwa. Msitu ulikuwa nyuma yako."

Nikarudia klipu mara tano, sita. Manze, ni kweli. Miti yote ya urefu mmoja, umri mmoja, imepangwa kwa laini. Nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi kwenda kurekodi shamba la mbao, na mgongo wangu ndio ulikuwa umeangalia kitu chenyewe.

Sasa hii posti ni juu ya kilichokuwa nyuma ya mgongo wangu. Na ni juu ya vile nchi nzima iko kwa hiyo barabara, imesimama na simu, inapiga misonobari na kuandika "msitu".

Tuanze na mahali penyewe. Ukienda Mombasa na SGR, ukikaribia Voi angalia dirisha la kulia. Utaona milima inatoka kwa ile nyika kavu ya Tsavo ghafla, kama mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Hiyo ndiyo Taita. Chini huko ni joto na vumbi na ndovu. Juu, kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, na ni baridi mpaka unatafuta chai mara nne kwa siku. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unavuka nyika yote hiyo bila kuacha kitu, ukigonga mlima unapanda, unapoa, unakuwa ukungu. Msitu wa huko juu unaishi kwa huo ukungu.

Na Taita si mlima wa peke yake. Ni mwisho wa kaskazini wa mlolongo wa milima ya kale unaoitwa Tao la Mashariki. Karibu mlolongo wote uko Tanzania: Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, mpaka Udzungwa. Sisi Wakenya tulipewa hiki kipande cha mwisho tu. Kwa sababu bahari imekuwa ikiilisha hii milima unyevu kwa muda mrefu ajabu, misitu yake ilibaki hai hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Na kila mlima umezungukwa na ukame kama kisiwa kilivyozungukwa na maji. Mmea ukikaa kisiwani muda wa kutosha unakuwa wa huko tu. Kwa hivyo kuna vitu viko Taita na haviko mahali pengine popote chini ya jua.

Mfano ni huu. Kuna ua dogo la zambarau ambalo wazungu wanaweka dirishani jikoni, linauzwa kwa vijungu kwenye supamaketi za Ulaya na Marekani. Jina lake la kawaida ni urujuani wa Afrika. Asili yake ni hii milima yetu na ya Tanzania. Mwisho wa karne ya 19 afisa mmoja Mjerumani aliyekuwa Usambara alituma mimea kwao, biashara ikaanzia hapo. Basi Taita iko na urujuani wake, aina yake yenyewe, na unamea porini mahali pamoja pekee: mlima wa Mbololo, kwa mawe ya kivulini. Watu wangapi kwa shule yako walifunzwa hiyo? Mimi sikufunzwa. Nilifunzwa tundra ya Urusi.

Shida ni kwamba ule msitu haupo tena kama kitu kimoja. Umebaki vipande. Mbololo ndiyo kubwa na haifiki hekta 250. Ngangao iko na kama hekta 120 za miti ya kiasili. Chawia haifiki 100. Halafu kuna vile vidogo, Yale, Fururu, Macha, Mwachora, Ndiwenyi, vingine hekta tatu au nne tu. Kwa wale wa Nairobi: Karura, pale mnaenda kukimbia Jumamosi mkapige picha za viatu, ni zaidi ya hekta 1,000. Chukua vipande vyote vya msitu asili vya Taita, uvitie ndani ya Karura, na nafasi ya baiskeli itabaki.

Wiki mbili baada ya ule ujumbe nilirudi. Yule mama aliniunganisha na mzee mmoja anayejua Ngangao kama mnavyojua steji yenu. Nilimwambia, "Mzee, nilikosea, nataka kuona." Akacheka, akasema, "Twende, lakini tutaanza na pale ulipokosea."

Akanipitisha kwa misonobari kwanza, makusudi. Ebu fikiria ukumbi wa harusi kabla meza hazijaletwa: nguzo, nguzo, nguzo, na paa. Chini ni zulia la sindano kavu. Unaona mbali, hata mita hamsini mbele. Kimya. Simu ilikuwa inapenda hapo sana kwa sababu mwanga ni sawa kila mahali. Mzee akaniambia nihesabu aina za miti. Moja. Nikasema kuna vichaka vingine huku na kule. Akasema haya, hesabu na hivyo. Nikamaliza haraka.

Halafu tukavuka njia tukaingia Ngangao.

Kitu ya kwanza ni kwamba huoni mbali. Simu ikachanganyikiwa, haijui ishike nini. Ukiangalia juu, kuna miti mikubwa imetoboa kila kitu, kama Newtonia, ambayo inaweza kufika mita 40 na mizizi yake inatoka kando ya shina kama kuta za nyumba. Chini ya hiyo kuna paa lenyewe, vichwa vya miti vimeshikana. Chini ya paa kuna miti ya kimo cha kati, ile imekubali maisha ya kivuli. Halafu vichaka, na kati yake kahawa ya mwituni, Coffea fadenii, jamaa ya mbali ya ile unakunywa kwa kikombe cha karatasi. Halafu makangaga, mengine yamekuwa makubwa mpaka yana shina kama mti. Halafu miche, miche, miche. Kamba za msituni zimejifunga kutoka tabaka moja hadi lingine. Na kwa gome la kila mti mzee kuna zulia la kijani, na okidi, na makangaga madogo yaliyokaa juu ya matawi kama watu wa balkoni.

Hiyo ya gome ndiyo ilinimaliza. Hakukuwa na mvua siku hiyo, lakini ndani kulikuwa kunadondoka maji. Ukungu unapita, ile mimea ya juu ya matawi inaushika kama taulo, inajaa, inaachia tone moja moja. Mzee alinyoosha kiganja, tone likaanguka, akasema, "Hii haiko kwa rekodi ya mvua." Kutoka milima hiyo ndiko Mto Voi unaanzia. Watu wa chini, kwa ile nyika niliyosema, wanakunywa kutoka huko juu.

Nikaanza kuhesabu aina za miti kwa mraba wa hatua kumi kwa kumi. Nikapita ishirini, nikajisikia profesa. Mzee akaangalia orodha yangu akaniambia tatu kati ya hizo ni mti mmoja: wa kwanza ni mtoto, wa pili ni kijana, wa tatu ni mzee. Majani hubadilika umri ukipanda. Nikafuta.

Na hapo ndio nilielewa kile watafiti wanapima wakisema "muundo" wa msitu. Wanaweka mraba, wanapima kila shina kwa kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, wanaandika ni mti gani na una unene gani. Halafu wanaangalia mpangilio. Msitu wenye afya unafanana na ukoo mkubwa ukikutana Krismasi ushago: watoto wamejaa kila mahali hata huwajui majina, vijana kiasi, watu wazima wachache, na wazee wawili watatu kwa viti vya mbele. Mashina membamba mengi sana, manene machache. Ukikuta wazee wako na watoto hawako, huo msitu unakufa ukiwa umesimama, na kwa picha ya mbali utaonekana poa kabisa kwa miaka mingine 50. Ukikuta wote wana unene mmoja, umeingia shamba.

Pia ni nani hao watoto. Kuna miti inapenda jua, kama Macaranga na Maesa, inakimbilia mahali popote paa limetoboka. Kuna miti ya kivuli, kama Strombosia, inayokua polepole na kusubiri. Msitu wa kawaida una zote mbili, maana miti huanguka na mapengo hutokea. Lakini ukiingia kipande na kila mahali ni wale wa jua tu, jua kuna watu walipita hapo na msumeno. Chawia imechokozwa zaidi kuliko Ngangao, na Mbololo ndiyo imepona zaidi. Kwa Google zote tatu ni doa la kijani.

Najua kuna mtu tayari anaandika "na wewe hata chuo ulikiacha". Ndio, nilikiacha. Lakini kuona tabaka za msitu hakutaki digrii. Kunataka shingo ya kuangalia juu na magoti ya kuangalia chini.

Sasa kile kilichonifanya niandike badala ya kuweka tu klipu nyingine. Watafiti walichukua picha zilizopigwa kutoka angani Taita mwaka wa 1955 na wakalinganisha na picha za 2004, kwa vipande sita. Msitu wa kiasili ulikuwa umepotea nusu. Hekta 260 zilikuwa zimekuwa mashamba na vichaka. Nusu, wasee, ndani ya umri wa shosho yako. Lakini miaka hiyo hiyo misonobari, mikaratusi, grevilia na saipresi zile za Krismasi zilipandwa kwa wingi kwa ardhi iliyokuwa wazi. Kwa hivyo ukijumlisha miti yote pamoja, jumla ilikuwa karibu ile ile.

Soma hiyo tena polepole. Nusu ya msitu ilienda, na ukihesabu "miti" hakuna kilichopungua. Kama serikali, ama kampuni, ama mimi na kamera yangu, tungeulizwa mwaka wa 2004 "Taita iko aje?", tungejibu kwa moyo safi kwamba iko sawa.

Na hiyo hesabu si kosa la mtu mmoja mlevi ofisini. Ndiyo hesabu ya dunia. Kwa maana inayotumiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ardhi ya nusu hekta yenye miti inayofika mita 5 na kivuli cha asilimia 10 ni msitu. Shamba la misonobari linapita huo mtihani bila kutoa jasho. Ngangao inapita pia. Wote wawili wanapewa alama moja.

Kwa hivyo tukija kwa hii kampeni yetu ya miti bilioni 15. Ilizinduliwa Desemba 2022, tumalize 2032, kivuli cha miti kifike asilimia 30 ya nchi. Hesabu iliyotolewa kabla ya hapo ilikuwa asilimia 12 na kitu. Bilioni 15 ni kama miti 300 kwa kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa leo asubuhi. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa mpaka likizo ya kupanda. Mimi sina shida na kupanda miti. Nina shida na hiyo namba kuwa ndiyo kila kitu. Mtu akikuambia ulete bilioni, utaleta kile kinachomea haraka, kwa miche ya bei rahisi, kwa laini, mahali gari linafika. Hakuna chifu atapigiwa makofi kwa kusema "sisi hatukupanda kitu, tulizuia tu watu wasikate zile hekta nne za Mwachora". Hiyo haina picha.

Nasema hivyo nikijua, kwa sababu nimekula hiyo pesa. Kuna kampuni, sitaitaja, ilinilipa nifanye kontenti siku ya kupanda. Tulipewa tisheti. Tulipewa miche ikiwa bado ndani ya karatasi nyeusi, na wengine walipanda na karatasi. Nilipiga klipu safi sana, mikono ina udongo, watoto wanacheka. Baada ya kiangazi nilipita hapo nikienda shughuli zangu, nikakuta vijiti. Hata mbuzi walikuwa wamechoka na hivyo vijiti. Klipu yangu bado ilikuwa inahesabiwa kama miti.

Sasa mniruhusu niwe mkweli upande ule mwingine, maana mzee alinikemea nilipoanza kutukana misonobari. Alisema, "Nyumba yangu mbao zake ni za huko. Kama hazingekuwa hapo, tungekata wapi?" Na ni kweli. Lile shamba linashika udongo kwa mlima ulioachwa uchi, linatoa mbao na kuni, na kila gogo linalotoka huko ni gogo ambalo halikutoka Ngangao. Isitoshe, pale misonobari imezeeka na iko karibu na msitu, alinionyesha miche ya kiasili imeanza kuchungulia katikati ya sindano. Ndege wanapita, wanaacha mbegu. Hakuna mtu alilipwa kuipanda.

Kwa hivyo shamba la miti lina kazi yake. Tatizo linaanza likipewa jina la mwenzake.

Na hao ndege ndio sehemu ambayo pesa ya tisheti haiwezi kununua. Msitu wa aina hii unategemea wanyama wabebe mbegu. Kuna mti wa huko unaitwa Xymalos monospora. Watafiti waliufuata Taita wakaona kwamba kwa vipande vilivyovurugwa zaidi, mbegu zake hazisambazwi vizuri kama kwa vilivyo salama. Tunda linaanguka chini ya mama yake na linabaki hapo. Kuna ndege wa Taita wa kutembea ardhini, mweusi kichwani, mdomo wa rangi ya machungwa, Turdus helleri. Hayuko mahali pengine duniani. Anataka paa limefunga na majani yaliyooza chini ya kupekua. Kuna mwingine mdogo sana, apalisi wa Taita, yeye anataka vichaka vizito vya chini, na yuko kwa daraja la mwisho kabisa la hatari kabla ya kuisha. Mmoja anaishi sakafuni, mwingine kwa ghorofa ya kwanza. Toa ghorofa moja, mwenyewe hana pa kuhamia, kwa sababu kati ya kipande na kipande kuna mahindi, barabara na saluni. Mbololo yenyewe imekatwa na bonde zima kutoka kwa milima mingine.

Wengine mtasema, bro, tunatafuta kazi, unatuletea ndege wa mdomo wa machungwa. Sawa. Hiyo hoja naiheshimu kuliko zile za mioyo. Basi tuongee kazi. Mbegu nyingi za miti ya msitu wa mvua haziwekeki dukani; zinakufa haraka zikikauka. Huwezi kuziagiza kutoka Nairobi zikae stoo zikingoja siku ya likizo. Lazima mtu wa pale pale, kwa kibali, azikusanye mti ukizaa, azioteshe kitaluni karibu, azitunze kivulini mwaka, pengine zaidi, azipande wakati wa mvua, halafu arudi kupalilia. Hiyo ni kazi ya miaka, ya vijana wa Wundanyi na Mgange, si ya siku moja ya wageni wenye tisheti. Pesa tunayochoma kwa tenti, spika na maji ya chupa ingelipa watu hao mshahara.

Na kabla ya mche hata mmoja, pesa iende kulinda vile vipande vimebaki. Halafu kuongeza kingo zake, kuviunganisha polepole, hata kupitia ndani ya hayo mashamba ya misonobari kwa kuyapunguza kidogo kidogo na kuwacha miche ya kiasili ipate mwanga. Mahali pengi karibu na msitu, ukifukuza moto, mbuzi na panga, unachohitaji ni kungoja. Wataita wenyewe walikuwa na fighi, vichaka vya heshima ambavyo hukuingia na kukata ovyo, na hakukuwa na hashtegi. Sisemi turudi huko kila kitu. Nasema kulikuwa na watu walijua kuna mahali kazi yako ni kuondoa mikono.

Na hesabu ya taifa itengwe. Nataka tusomewe namba mbili: msitu wa kiasili kiasi gani, miti ya kupandwa kiasi gani. Halafu ya tatu: ile mliyopanda miaka mitatu iliyopita, ni mingapi bado iko hai? Mkijumlisha zote pamoja tena, mimi nitajua mnaficha nini, maana Taita imeshatufunza vile hiyo jumla inadanganya.

Mwezi uliopita ile kampuni ilinipigia tena. Siku ya kupanda, mahali pengine, tisheti mpya. Pesa waliyotaja ni kodi yangu ya miezi miwili, na sitawadanganya, nilikaa na hiyo namba usiku mzima. Asubuhi niliwaandikia maswali matatu. Ni mti gani? Mbegu imetoka wapi? Nani atarudi mwaka ujao, na mnanilipa nirudi naye? Wameona ujumbe. Zile alama mbili za bluu ziko hapo. Hawajajibu, na landilodi hajui habari ya Newtonia.

Ile klipu ya kwanza sijaifuta. Bado watu wanaipata, bado wanaweka mioyo. Nilibadilisha maandishi tu: "Hii ni shamba la misonobari, Taita. Msitu uko nyuma ya kamera." Ya pili, ile ya Ngangao, imetoka giza na inatingika na huoni kitu vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeinama kuangalia miche. Imeangaliwa na watu 214. Mmoja wao ni yule mama. Aliandika, "Sasa umegeuka."